Msiba Usio na Wafiwa: Riwaya ya Mzingile na Habari za Ahera katika Fasihi Yetu

Fasihi ya Kiswahili ilizungumza habari za mauti na ahera kwa zaidi ya karne mbili kabla haijaijua riwaya. Kwa hiyo, mwaka 1991, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa kitabu chembamba kiitwacho Mzingile, kilichotungwa na Euphrase Kezilahabi, msomaji wa Kiswahili hakuwa mgeni wa mambo yaliyozungumzwa humo. Mgeni alikuwa kitabu chenyewe. Wapo waliokisoma mara mbili wakakiweka kando kwa heshima, na wapo waliokifunga kabla ya nusu. Sisi tulikisoma hadi mwisho, na tukakisoma tena, na tunakiri kwamba hakikutupa kile tulichokitazamia kutoka kwa mkono uliokiandika. Katika makala haya tunataka kueleza kwa nini. Sababu inayotajwa sana si sababu ya kweli, na ile ya kweli inatufunza jambo kubwa juu ya urithi wetu.

Yafaa kwanza tukumbuke mwandishi alikuwa nani machoni pa wasomaji wake. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alisoma katika seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilikatazwa mashuleni kwa sababu ya uwazi wake. Ikafuata Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, na Gamba la Nyoka mwaka 1979. Hivi vilikuwa vitabu vilivyopita mkono kwa mkono mpaka majalada yakachanika. Mtu aliweza kuvichukia, lakini hakuweza kusema kwamba hakuvielewa. Baada ya Gamba la Nyoka ikapita miaka kumi na moja bila riwaya. Mwandishi alikwenda Marekani, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, akarudi kufundisha. Mwaka 1990 ikatoka Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile. Waliokuwa wamengoja miaka yote hiyo wakakuta kwamba yule mwandishi wa Namagondo, wa ulevi wa baba na machozi ya mama, alikuwa amehama.

Neno mzingile si geni kwa wajuzi wa lugha. Wazee husema mzingile-mwambiji wakiwa na maana ya njia zinazozungukana hata mwenye kuzifuata asijue alikoingilia wala atakapotokea. Jina hilo limekisadifu kitabu. Msimulizi wake hapewi jina. Anafunga safari kumtafuta mzee mmoja apate kumpasha habari ya kufa kwa mwanawe. Mzee huyo anaitwa Kakulu, jina ambalo kwa watu wa lugha za Ziwa linabeba mzizi wa ukubwa na ukongwe, na hadithi ya kuzaliwa kwake imetolewa kama visa vya kale, vya mtoto aliyekuja duniani akiwa si mtoto. Msomaji aliyelelewa katika Biblia, na hata yule aliyelelewa katika Kurani, hawezi kukosa kushtuka. Mzee aliyejitenga na watu, mwana aliyekufa, mjumbe anayepanda kilima: ni nani huyo, kama siye yule ambaye wanadamu wote humwelekea wakati wa kufa? Baadaye tunaoneshwa dunia iliyokwisha kuteketea, na ndani ya majivu yake kunatafutwa mwanzo mpya. Hiki ni kisa kizito. Mtunzi wa tenzi angekifurahia.

Wengi waliokikataa kitabu walisema kwamba kosa lake ni kutia shaka katika imani. Hatukubaliani nao. Shaka si mgeni katika vitabu vya Kezilahabi, na haikutuzuia kuvipenda. Kazimoto wa Kichwamaji anatia shaka zaidi ya msimulizi wa Mzingile. Haoni maana ya kuishi, na mwisho anajiua. Lakini shaka ya Kazimoto ina nyumba. Ina baba na mama, ina mke, ina kijiji kinachomtazama msomi wake akirudi likizo na kiburi na kiu. Tunapomwona anazama tunajua ni nani watakaolia. Vivyo hivyo katika Rosa Mistika. Pale mwandishi alithubutu jambo ambalo watunzi wachache wa riwaya ya Kiswahili walikuwa wamelithubutu kabla yake: aliwafuata marehemu wake mpaka ng'ambo ya kaburi, akawasimamisha binti na baba mbele ya Mungu. Mahakama ile ya mbinguni ni ya ajabu kidogo, na wengine wameicheka. Hata hivyo hatukuweza kuisahau, kwa maana kesi iliyoletwa pale ilikuwa kesi ya malezi, kesi ya nyumba moja ya Ukerewe, na sisi wasomaji tulikuwa mashahidi tangu ukurasa wa kwanza.

Tukirudi nyuma zaidi tutaona kwamba jambo hili ni la kale. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyetunga Al-Inkishafi kati ya mwisho wa karne ya kumi na nane na mwanzo wa karne ya kumi na tisa, hakuanza kwa kueleza Kiyama. Alianza kwa kuusema moyo wake mwenyewe, kama mtu anavyomsema ndugu mkaidi. Kisha akaushika mkono akaupitisha katika majumba ya matajiri wa Pate, watu aliowajua kwa majina na kwa koo: kumbi zilizokuwa zikiwaka taa, vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure, mito na magodoro ya kulalia. Sasa humo wamo popo na ndege wa mwituni. Wako wapi wenyewe? Swali hilo analiuliza kama jirani anayebisha hodi asipate jibu. Ndipo, baada ya kutuliza sisi tuliofiwa na mji mzima, anapotaja mauti, hukumu na majina ya mioto ya jehanamu. Na jambo la kushangaza, utenzi kama ulivyotufikia unakomea motoni. Peponi hatufikishwi. Wapo wanaosema kwamba haukumalizika. Hata kama ndivyo, vizazi na vizazi vya Waswahili vimeusoma hivyo hivyo na havikuona kwamba vimenyimwa kitu. Kwa hiyo mwanafunzi asiambiwe kwamba msomaji wetu hutaka tu kuahidiwa Pepo ndipo aridhike.

Mfano wa pili ni wa mwanamke. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akijua kwamba siku zake si nyingi. Katika utenzi huo mna dini, mna dua, mna habari ya dunia na ya ahera, lakini yote yanasemwa na mama kwa binti aliyeketi karibu naye. Wasomaji wa leo wanabishana juu ya mafundisho yake kuhusu mke na mume, na wana haki ya kubishana. Lakini hakuna anayebishana juu ya sauti. Tunamsikia mtu anayekufa akiagana na mtu wake.

Hapa ndipo tunapokaribia hoja yetu. Katika fasihi yetu, na kabla ya fasihi katika desturi zetu, habari za ahera ni mazungumzo ya jamaa. Mpwani anapofiwa huweka matanga, husomewa hitima, huhesabu arobaini. Mkatoliki humwombea marehemu wake misa, na tarehe 2 Novemba huwakumbuka wafu wote. Katika makabila mengi ya bara, wazee waliotangulia huitwa kwa majina yao wakati wa tambiko, huambiwa mvua haijanyesha, huombwa wasiwe wagumu. Imani hizi zinapingana katika mambo makubwa, na si kazi yetu kuzipatanisha. Lakini zote zinamkataza aliyefiwa kukaa peke yake, na zote zinamfanya marehemu abaki kuwa baba wa fulani au bibi wa fulani. Watu wetu wameijua kuzimu kwa njia ya ukoo kabla ya kuijua kwa njia ya mjadala.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta shahidi. Yuko Ukerewe kwenyewe. Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa juu ya maisha ya watu wa kisiwa chake. Kikakaa miaka thelathini na mitano bila kuchapwa. Mwenyewe akakifasiri kwa Kiswahili, na mwaka 1980 kikatolewa na Tanzania Publishing House katika juzuu mbili, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mzee alifariki mwaka uliofuata. Ni kisa cha mume na mke wasiopata mtoto, ambao ndugu wanataka kuwatenganisha, na ambao hawakubali kutenganishwa. Mtoto anapopatikana anaitwa Ntulanalwo, jina lenye maana ya mtu anayeishi na kifo siku zote. Angalia jambo hili: mtoto mchanga, aliyengojwa kwa miaka, anapewa jina la mauti, na hakuna anayekata tamaa. Watu wanaendelea kulima, kutengeneza pombe, kuamkiana kwa urefu wa kuchosha (tunasema hivi kwa mapenzi, maana yapo maamkio katika kitabu hicho yanayomaliza ukurasa), kutafuta waganga, na kulia pale penye kilio. Kitereza hajiulizi kama kuna maisha baada ya kifo. Anatuonesha watu wanavyokaa na jambo hilo. Wapo wanaosema kwamba kitabu chake kina mwendo wa kobe. Sisi tunasema kwamba mwendo wa kobe ndio mwendo wa msiba wenyewe.

Kati ya kuchapwa kwa kitabu cha Kitereza na kuchapwa kwa Mzingile kuna miaka kumi na mmoja tu. Kisiwa ni kimoja, dini iliyowalea waandishi ni moja, na hata visa vya wahenga vilivyo katika Mzingile vimechotwa katika bwawa lile lile. Lakini mtu akitoka kwenye kitabu kimoja kuingia katika kingine ataona kama amevuka bahari. Katika Mzingile kuna kifo, tena kifo cha mwana, na mjumbe anakwenda kumwambia baba. Katika maisha yetu hakuna kazi nzito kuliko hiyo. Anayepewa kazi hiyo hajui aanze na neno gani. Huomba maji ya kunywa kwanza, huuliza habari za shamba, na mwenye nyumba hutambua kwa namna anavyokaa. Mwandishi aliyetupa Zakaria na Regina angeweza kutuandikia saa hiyo tukaikumbuka mpaka kufa. Lakini katika Mzingile uzito wa masimulizi hauko kwa aliyefiwa. Uko katika utafutaji, katika maana, katika fumbo. Mauti yamekuwa swali, na swali halina mama. Basi tunafika mwisho tukiwa tumefikiri sana na hatukulia, na hili ndilo lililotuvunja moyo.

Tunasema hivi tukijua kwamba zipo sababu za kihistoria zilizomfikisha mwandishi hapo, na mwalimu hana budi kuzieleza. Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Bidhaa zilipungua madukani, na karatasi za kuchapia vitabu zilikuwa shida. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka katika urais. Mwaka 1986 Serikali ilifikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1991, mwaka ule ule wa Mzingile, Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ulimwenguni kote watu waliishi na hofu ya silaha za nyuklia. Kizazi kilichoamini kwamba kinajenga dunia mpya kilijikuta kinauliza kama kuna kitu cha kuaminiwa. Tukikisoma kitabu kwa mwanga huu, yule mzee aliyejitenga kilimani anaweza kuwa zaidi ya mmoja, na dunia iliyoteketea si lazima iwe ya siku za mwisho peke yake. Hatudai kwamba mwandishi alikusudia hili tu. Lakini ni vigumu kuamini kwamba riwaya mbili za namna hii zingeandikwa hapa nchini mwaka 1967.

Na kuna jambo jingine la miaka hiyo ambalo halitajwi sana darasani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa lile lile linaloizunguka Ukerewe. Mnamo mwaka 1991 wapo watu waliokuwa wamekwenda mazikoni mara nyingi kuliko walivyokwenda harusini. Wapo wazazi waliozika watoto wao watu wazima na kubaki na wajukuu. Habari ya mzee kuambiwa kwamba mwanawe amekufa haikuwa fumbo katika nyumba hizo. Ilikuwa habari ya Jumanne iliyopita. Watu hao walihitaji kitabu juu ya imani na kifo kuliko kizazi chochote kilichotangulia, na kitabu kikaja, kikawaambia mambo ya kina kwa lugha ambayo hawakuweza kuitumia matangani. Hatumlaumu mwandishi kwa kutotunga hotuba ya mazishi. Tunasikitikia nafasi iliyopita.

Haki ya kitabu nayo isemwe. Kiswahili cha Mzingile ni safi na chepesi, sentensi zake fupi zinapiga kama matone, na zipo picha humo ambazo mshairi yeyote angezitamani. Sisi tuliolelewa katika vina na mizani tulikuwa na ugomvi wetu na Kezilahabi tangu Kichomi, diwani yake ya mwaka 1974 isiyofuata vina, na maneno mengi makali yalisemwa wakati ule, mengine yasiyo na faida. Ugomvi huo hauhusiani na haya. Bali tunaona kwamba Mzingile kingekuwa na nguvu zaidi kama mwandishi angekiita shairi refu. Shairi lina ruhusa ya kuwa na sauti moja iliyo peke yake, kama Al-Inkishafi ulivyo na sauti moja na moyo mmoja. Riwaya haina ruhusa hiyo kwa muda mrefu. Riwaya inataka watu waingie na kutoka mlangoni.

Mashuleni na vyuoni kimetokea jambo la kusikitisha zaidi kuliko kutopendwa. Riwaya hizi mbili zimegeuzwa kuwa ghala la istilahi. Mwanafunzi anafundishwa kuandika kwamba mwandishi ni mdhanaishi, kwamba kuna mwingilianomatini, kwamba Nagona inarejelea wanafalsafa wa Ulaya, naye anapata alama zake bila kuulizwa hata mara moja kama aliogopa, au alichoka, au alimkumbuka mtu. Kutopendezwa ni jibu halali la msomaji. Mwanafunzi anayesema kwamba kitabu hakikumgusa, na akaweza kuonesha ni ukurasa gani ulipoanza kumpoteza, amesoma vizuri kuliko yule aliyekariri.

Tena kitabu kinachovunja moyo huweza kufungua njia kwa vingine. Baada ya Nagona na Mzingile waandishi wa Kiswahili hawakuogopa tena kuvuka mpaka wa kaburi. William Mkufya alitoa Ziraili na Zirani mwaka 1999, riwaya iliyochukua jina lake kutoka kwa malaika wa mauti. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001. Katika hiki cha pili marehemu anarudi, lakini anarudi akiwa babu, na anayemjia ni mjukuu wake mwenyewe, mkubwa mmoja wa serikali aliyeshiba na kusahau. Babu ana haki ya kumsumbua kwa sababu ni damu yake. Msomaji anaweza kuwa na malalamiko yake juu ya kitabu hicho pia, lakini hatakosa kutambua kwamba swali la ahera limerudishwa nyumbani, likapewa kiti, na likaanza kuuliza habari za watoto.

Kezilahabi alifariki tarehe 9 Januari 2020, na Mzingile kingali kinasomwa. Kwa mwalimu atakayekifundisha tuna ombi moja. Kabla ya kukifungua, awasomee wanafunzi kwa sauti sehemu ya Kitereza inayohusu kilio na mazishi, bila kuruka maamkio, hata kama kipindi kizima kitakwisha. Kisha siku ya pili awape ile safari ya kumpelekea mzee habari ya mwanawe, na awaulize: nani anapaswa kuwa ndani ya nyumba hiyo, na mbona hatumwoni?